Abiria wa Pili wa Chumba Namba Kumi na Saba

Usiku wa jana niliota, na kabla hujaniuliza nilikula nini, nilikula wali na kabichi kama wenzangu wote. Kabichi haihusiki.

Niliota niko kwenye foleni ya bwalo, sahani yangu ya bati mkononi. Foleni inasonga vizuri, hakuna anayesukuma, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa macho. Nikafika kwenye kidirisha cha kugawia chakula. Anayegawa si mpishi. Ni mhuri.

Mhuri huo naufahamu. Niliuchonga mwenyewe kwa wembe kutoka kisigino cha kandambili ya bluu. Sasa ulikuwa na kimo cha mtu mzima, umevaa tai, na mbele yake kulikuwa na daftari nene.

"Jina?" ukauliza.

"Mwinjuma Kidile, kidato cha tatu."

"Wasafiri wangapi?"

"Mmoja."

Mhuri ukavua miwani. Sijui miwani ilikuwa imeshikilia wapi, maana mhuri hauna masikio.

"Mmoja," ukarudia, kwa sauti ile ile ya matroni ukimwambia umepoteza shuka.

Hapa naomba niisimamishe ndoto kidogo, kwa faida ya wasiosoma shuleni kwetu. Shule yetu ni ya bweni, iko mlimani ndani ya ukungu, na maji mengi kuliko yote tuliyonayo ni ya kwenye tangi. Muhula huu lilikuja boksi la vitabu vya msaada, na ndani yake, kati ya kitabu cha kemia na kitabu cha kupamba keki, kulikuwa na kijarida cha meli za kitalii. Nilikisoma kwa bidii ambayo kemia haijawahi kuiona. Humo nilijifunza kwamba melini kuna vyumba vya ndani visivyo na dirisha, kuna vyumba vya dirisha, kuna vyumba ambavyo dirisha lipo ila limezibwa na kitu, na kuna vyumba vyenye kibaraza. Nikajifunza pia kwamba kila chumba huhesabiwa kwa watu wawili, na anayesafiri peke yake naye huhesabiwa wawili, atake asitake.

Niliona ni dhambi habari nzuri namna hiyo kubaki ndani ya boksi. Nikaandika tangazo. "Uongozi wa shule unayo furaha kuwatangazia safari ya mafunzo baharini." Nikaweka vifungu kumi na kimoja, nikaweka fomu ya kuchagua chumba, nikagonga mhuri, nikalibandika pembeni ya matokeo ya mtihani wa majaribio, mahali ambapo watu husoma huku wanatafuta habari njema.

Wanafunzi sitini na watatu walijaza fomu. Fomu ya sitini na nne ilikuwa ya Mwalimu Kihwele, mlezi wa bweni letu, mjane, mpole, mwenye suruali moja ya kijivu. Alijaza kwa wino mweusi na kubandika picha ndogo ya pasipoti. Chumba: cha dirisha. Idadi ya wasafiri: mmoja.

Siku iliyofuata mkuu wa shule alizihesabu fomu zote ofisini, mbele ya walimu wote, na Mwalimu Kihwele akiwemo.

Ukafanyika msako bwenini. Mhuri ukakutwa chini ya godoro la Chediel Mbwambo, anayelala kitanda cha chini, mimi nikiwa cha juu. Niliuweka pale mimi, kwa siku mbili tatu tu, kwa sababu godoro langu limechanika na vitu huwa vinaanguka. Mkuu akauinua. "Wa nani huu?"

Chedi aliniangalia. Mimi nilikuwa ninachunguza dari. Ni dari nzuri, ina madoa sita.

"Wangu," akasema Chedi.

Alhamisi akaondoka kwenda kwao Same, godoro kichwani. Kamati ya nidhamu ilipangwa ikae Jumatatu, yaani leo, saa nne asubuhi, baba yake akiwepo. Kila mtu alijua kamati hiyo huwa inakaa ili kufukuza. Na mimi kwa siku tatu niliwaambia wenzangu kwamba kulala bila mtu chini ni raha, viatu vinapata nafasi.

Basi, tumerudi ndotoni.

Mhuri ukafungua daftari na kusoma tangazo langu, neno kwa neno. "Kifungu cha nne. Msafiri wa peke yake atahesabiwa kuwa wawili, na atatimiza wajibu wa wote wawili."

"Hiyo ya wajibu niliiongeza ili sentensi ijae," nikasema.

"Imejaa," ukasema mhuri, ukaruka, ukanigonga kwenye paji la uso.

Bwalo likawa ukumbi wa meli. Hakuna aliyeshangaa. Zulia ni jekundu, taa ni nyingi, na kwa mbali nasikia injini ikinguruma kama mpishi wetu anapotafuta ufunguo wa stoo. Sahani yangu ya bati bado ninayo.

Mhuri ukanipeleka kwenye lifti. Nikaingia. Lifti haikusogea.

"Tunamsubiri nani?" nikauliza.

"Mwenzako," ikasema lifti. "Nimeandikiwa wawili."

"Nipo peke yangu."

"Basi sogea kidogo, umpe nafasi."

Nikasogea. Lifti ikasubiri muda ule ambao mtu mwingine angehitaji kuingia, ikafunga mlango kwa adabu, ikapanda.

"Sasa utachagua chumba," ukasema mhuri. "Tunafuata tangazo lako. Hatutaongeza kitu, hatutapunguza."

Tunaanza na chumba cha ndani. Mlango unafunguka, nakuta chumba. Ndani ya chumba kuna mlango. Nafungua, nakuta chumba kingine, kidogo kuliko cha kwanza. Nafungua tena. Kufikia cha tano nimeinama, cha sita natambaa, na cha saba ni kiberiti. Nasukuma kidogo kwa kidole. Ndani amelala njiti mmoja.

"Funga mlango, bwana," akasema njiti. "Upepo."

Nikafunga.

"Kingine," nikamwambia mhuri, nikirudi kinyumenyume.

Chumba cha pili kilikuwa na dirisha kubwa la duara. Bahari ilikuwa nje, yote, jua likiipiga mpaka inaumiza macho. Ningeiona vizuri kama katikati ya dirisha kusingekuwa na mgongo wa Mwalimu Kihwele. Alikuwa amekaa juu ya boti ya kuokolea, ile ya rangi ya chungwa inayoning'inia ubavuni mwa meli, akinywa chai kwenye kikombe chake cha bati. Pembeni yake kulikuwa na kibao: RANGI MBICHI.

Nikafungua dirisha. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mwinjuma. Nimekuziba?"

"Kidogo, mwalimu."

"Ndivyo ilivyopangwa. Mimi niliomba chumba cha dirisha. Wakaniambia vyumba vimejaa, nafasi iliyobaki ni ya kitu kinachoziba." Akapuliza chai. "Si mbaya. Bahari naiona."

"Mwalimu, hiyo rangi ni mbichi."

"Nafahamu," akasema Mwalimu Kihwele. "Nilisoma kibao baada ya kukaa."

Nilitaka kucheka. Katika ndoto niliutafuta ule mcheko niliocheka siku niliposoma fomu yake, nikaupata, ila haukunitosha tena, kama shati la darasa la tano. Nikafunga dirisha taratibu.

Chumba cha tatu ni kile chenye kibaraza. Kibaraza kilikuwepo kweli, na kiti cha kulalia, na meza ndogo ya glasi. Vilikuwa vimeshika ubavu wa meli, upepo ukivipiga pande zote.

"Chumba chake kiko wapi?" nikauliza.

"Kwenye tangazo umekisifia kibaraza mistari minne," ukasema mhuri. "Chumba hukukisema hata kidogo."

Vikawa vimekwisha. Kikabaki kifungu cha tisa, kinachosema kwamba asiyeridhika na vyumba vyote atachaguliwa chumba na meli yenyewe. Nilikiandika huku nimelala chali, nikila karanga. Sasa injini ikanyamaza. Nikahisi kitu kikubwa sana kinanitazama kutoka sakafuni hadi utosini, kama mwalimu wa zamu anayetazama soksi.

"Kumi na saba," ikasema meli.

Kumi na saba ni namba ya kitanda chetu bwenini, mimi juu, Chedi chini. Nilifungua mlango nikakikuta hicho hicho, kile cha chuma chenye kutu, kimesimama katikati ya chumba chenye mapazia ya hariri. Kitanda cha juu kilikuwa na godoro langu lililochanika. Kitanda cha chini kilikuwa kimetandikwa, shuka nyeupe, na juu ya shuka alikaa tembo aliyekunjwa kwa taulo. Kwenye kile kijarida kulikuwa na picha kama hiyo. Wahudumu wa vyumba huwakunjia abiria tembo wa taulo wanapokwenda kula.

"Karibuni," akasema tembo. "Mimi ndiye mhudumu wa chumba hiki. Maji ya kuoga ni ya moto. Nani anaanza?"

"Mimi."

"Halafu?"

Nikamtazama. Akanitazama. Ana macho mawili ya vifungo vya shati.

"Halafu mimi tena," nikasema.

Basi nikaoga mara mbili, mara ya pili kwa sabuni ya Chedi, ile ya kipande inayonuka mwarobaini. Nikaletewa sahani mbili za ugali na maharage, nikazimaliza zote, ya pili kwa kutafuna polepole kama yeye, kwa sababu tembo alikuwa amesimama hapo na saa. Nikapewa ubao wa drafti. Nikacheza kete zangu, nikahamia upande wa pili, nikacheza zake. Akanifunga. Tukarudia. Akanifunga tena.

"Anacheza vizuri mwenzio," akasema tembo.

"Ana bahati."

Hapo kitanda cha chini kikakohoa. "Samahani kuingilia," kikasema. "Mimi nimezoea mtu. Anakoroma kidogo, kushoto. Atakuja saa ngapi?"

"Hatakuja. Hiki ni chumba cha msafiri wa peke yake."

"Aa," kikasema kitanda. Kikafikiri. "Mbona basi wewe umelala juu?"

Chumba chote kilikuwa changu, mapazia ya hariri yalikuwa yangu, na mimi bila kuambiwa na mtu nilikuwa nimepanda juu na kumwachia nafasi yake.

Kabla sijatunga uongo unaofaa, honi ikalia mara saba fupi na moja ndefu. Tembo akasimama. "Zoezi la dharura," akasema. "Abiria wote juu ya sitaha, mkahesabiwe."

Juu ya sitaha jua ni kali. Wanafunzi sitini na watatu wamesimama kwenye mistari, wamevaa majaketi ya kuokolea juu ya sare. Mimi nimekabidhiwa majaketi mawili. Moja nimelivaa. La pili nimelibeba mkononi, na linanung'unika.

"Nishike vizuri," linasema. "Mimi si mfuko wa vitunguu."

Nahodha akatoka. Nahodha alikuwa tranka. Tranka la bati la kijani, na kofia nyeupe juu, na kila anapotaka kusema kifuniko kinafunguka na kujibamiza. Hilo nalo nililifahamu. Lilikuwa na kofuli la Chedi.

"Tunahesabu," akasema Nahodha, pwaa. "Mnajua utaratibu. Chumba kikiitwa, kinajibu mara mbili, kwa kuwa kila chumba ni watu wawili. Chumba cha kwanza!"

"Yupo! Yupo!"

"Cha pili!"

"Yupo! Yupo!"

Lazima nieleze tena jambo la shuleni. Bwenini kwetu majina huitwa kila jioni, na mtu akiwa hayupo, anayelala naye kitanda kimoja humjibia. Hakuna aliyetunga sheria hiyo, ila hakuna aliyewahi kuivunja. Kila mmoja anajifunza sauti ya mwenzake kama anavyojifunza wimbo wa shule. Chedi alinijibia mara kumi na moja muhula huu, nikiwa juu ya paa, nikiwa stoo ya mpishi, nikiwa maktaba na kile kijarida. Mimi nilimjibia mara moja tu, alipokuwa anaumwa. Chedi ni mtu anayekuwepo.

"Chumba cha kumi na saba!"

"Yupo!" nikajibu.

Halafu mdomo ukafanya ulichozoea. Nikabana koo, nikashusha sauti, nikaikwaruza kidogo pembeni, nikasema kama Chedi, "Yupo!"

Tembo akaandika.

"Vizuri," akasema Nahodha. "Abiria wa pili yupo. Avae jaketi lake."

Jaketi likajinyoosha mkononi mwangu, limefurahi. "Haya, yuko wapi?"

"Ametoka kidogo," nikasema.

"Ametoka kwenda wapi?" akauliza Nahodha. "Hii ni meli."

"Nilijibu tu, Nahodha. Ni mazoea."

"Ukijibu, yupo. Akiwa yupo na haonekani, ameanguka baharini." Kifuniko kikajibamiza. "Mtu baharini! Geuza meli!"

Meli ikageuka. Si kitu kidogo kugeuza meli yenye mabwalo saba na uwanja wa mpira. Wanafunzi sitini na watatu wakainama upande mmoja, uji ukamwagika kwenye ghorofa zote kumi na mbili, na kila aliyenipita alinisonya.

"Wewe Mwinju, tulikuwa tunakaribia visiwani!"

"Mtu anasafiri peke yake na bado anachelewesha watu!"

"Mnyime dirisha huyo!"

"Ana dirisha," akasema Mwalimu Kihwele kutoka kwenye boti yake. "Ila nipo mimi."

Tunamwona saa hiyo hiyo. Kilichoelea mbele yetu si kisiwa, ni ile meza ndefu ya ofisi ya walimu, na juu yake amekaa Chedi kwenye godoro lake lililokunjwa, mswaki mfukoni mwa shati. Pembeni yake amekaa mzee mmoja aliyevaa koti la suti jeusi juani, na barua ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe. Maji yalikuwa yanalamba miguu ya meza.

"Chedi!" nikaita. "Panda! Nimekujibia!"

"Nimesikia," akasema Chedi. "Hukunipata vizuri. Mimi sina sauti ya mbuzi."

"Utakosoa ukiwa juu. Kitanda chako kipo, kinakuuliza."

"Kitanda najua kipo. Jina langu je?"

Yule mzee akakinga macho kwa mkono. "Wewe ndiye Mwinjuma, mwanangu?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Chediel amenieleza habari zako. Anasema shuleni hana ndugu zaidi yako." Akainua mfuko wa nailoni. "Labda utanisaidia. Hapa wameandika kijana wangu alichonga mhuri. Nyumbani hata kumchinja kuku hajui, humkabidhi dada yake. Wewe unaonaje?"

Maji yakapanda kidogo. Soksi za mzee zikalowa. Hakuzitazama.

Nikajaribu njia zangu zote. Nikasema huenda mhuri ulijichonga. Nikasema kifungu cha sita kinaruhusu rufaa. Watu sitini na watatu huwa wananichekea, tena kabla sijamaliza, lakini safari hii hawakucheka. Nikamgeukia mhuri mwenyewe, uliosimama karibu yangu na tai yake.

"Sema wewe."

"Mimi ni kisigino," ukasema mhuri. "Kazi yangu ni kukanyagwa."

"Sheria ni moja," akasema Nahodha, na safari hii kifuniko kilifunguka polepole. "Jina la abiria huyu limegongwa. Likisafishwa, anapanda. Lisiposafishwa, tunaondoka na kitanda kitupu. Mkono wa nani uligonga?"

Nikatazama juu, nikitafuta dari. Hakukuwa na dari. Kulikuwa na anga tu, safi, bila doa hata moja la kuhesabu.

Nikafungua mdomo. "Ni mimi," nikasema.

Ikatoka sauti ya Chedi. Ile ya chini, iliyokwaruzwa pembeni.

"Abiria wa pili amekiri," akasema Nahodha. "Mara ya pili sasa." Tembo akaandika. Mzee wa koti jeusi akainamisha kichwa.

"Hapana! Ni mimi, mimi Mwinjuma!" nikapiga kelele, na kelele yote ikawa ya Chedi, safi kabisa, bila mbuzi ndani yake. Sijawahi kumwigiza vizuri namna ile. Kila nilivyokiri ndivyo alivyozidi kukiri yeye, na tembo akajaza ukurasa, akafungua mwingine. Maji yakafika kwenye godoro.

Chedi alikuwa ananiangalia. Hakukasirika. Alikuwa na uso ule ule wa siku ya msako.

"Mwinjuma," akaita Mwalimu Kihwele kutoka ubavuni mwa meli, kikombe mkononi. "Sauti yako umeiweka wapi?"

Nikaanza kujipekua. Mfuko wa kushoto: kipande cha chaki na kamba ya kandambili. Mfuko wa kulia: maganda ya karanga. Mfuko wa shati: hakuna. Nikavua jaketi, nikavua viatu nikavikung'uta. Meza imezama mpaka juu, nawaona vifua tu, na Nahodha anasema, "Ondoa meli," na honi inalia, inalia, na si honi, ni rimu la lori linalogongwa kwa nondo nje ya bweni letu.

Nikaamka. Saa kumi na moja na nusu, ukungu dirishani, na pale chini yangu mbao tupu.

Kiranja wa bweni alikuwa ameshaanza kuita majina, taulo begani. Jina la Chedi lilikuwa bado halijakatwa kwenye orodha. "Mbwambo Chediel!"

Wenzangu wakanigeukia. Mdomo wangu tayari ulikuwa umeanza kubana koo.

"Hayupo," nikasema.

Ilikuwa sauti yangu. Imekauka, haina uzuri wowote, lakini yangu. Niliijaribu tena nikiwa navaa viatu bila soksi. "Hayupo," nikajiambia. Ikatoka tena. Sikutaka kuipa nafasi ya kupotea, nikakimbia nayo hadi nyumba ya Mwalimu Kihwele.

Alifungua kabla sijabisha mara ya pili. Suruali ya kijivu, kikombe cha bati, chai.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mwinjuma."

"Mhuri niliuchonga mimi. Tangazo niliandika mimi. Chini ya godoro niliuweka mimi. Chedi hakujua kitu."

Mwalimu Kihwele alikunywa chai. Alikunywa kama mtu aliyeelezwa kwamba leo kuna ukungu.

"Fomu yangu uliisoma?" akauliza.

"Niliisoma, mwalimu."

"Ulicheka?"

Ningeweza kudanganya. Nina kipaji. "Nilicheka, mwalimu."

Akatikisa kichwa kukubali, mara moja. "Unajua kwamba saa nne itakuwa zamu yako."

"Najua, mwalimu."

"Baba yake alifika jana jioni na kijana. Wako nyumba ya wageni ya kanisa. Itafaa wasikie kwako kabla hawajasikia kwa kamati." Akaweka kikombe kwenye kizingiti cha dirisha. "Hivi ningepewa dirisha la upande gani? Kushoto au kulia?"

"Sikuwa nimefika huko, mwalimu. Samahani."

"Haya. Twende."

Akafunga mlango, akanipita, akatangulia kwenye njia ya kokoto. Nikamfuata. Shule yetu yote imepakwa rangi mbili tu, maziwa juu na bluu chini, hata mapipa ya taka. Lakini mwalimu alipoanza kupanda ngazi za kanisa niliona kwenye makalio ya ile suruali ya kijivu mistari miwili mipana ya rangi ya chungwa, na ilikuwa bado haijakauka.